Askari na Kitabu Chake cha Kwanza cha Lugha ya Kompyuta

Ludara ni kaunti ndogo ya Wilaya ya Koboko, katika pembe ile ya Uganda ambako mipaka ya nchi tatu, yaani Uganda, Kongo na Sudan Kusini, inakaribiana mno hata mtu wa soko aghalabu huhesabu fedha za nchi zaidi ya moja kabla ya chakula cha mchana. Huko ndiko mwandishi wa makala haya alikomkuta konstebo mmoja wa polisi, ambaye jina lake tunalihifadhi, akiwa amekaa kando ya kibanda baada ya zamu yake, simu mkononi, na pembeni yake kitabu kinene kilichokunjika kona. Alikuwa akijifunza lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kwa usahihi zaidi, alikuwa amejaribu kujifunza, akashindwa, akakiweka kitabu chini ya godoro kwa miezi minane, na siku hiyo alikitoa tu kwa sababu mimi niliuliza.

Kitabu hicho alikinunua kwa mkono wa pili mjini Arua, kwa fedha ambazo mkewe alikuwa amezipangia jambo jingine. Jalada lilikuwa zuri. Jina lilisema kwamba ni kitabu cha waanzao. Ukurasa wa kwanza wa mazoezi ulimwagiza aandike mstari mmoja tu, nao ni huu:

print "Jambo"

Akauandika kama alivyoagizwa, herufi kwa herufi, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kuandika katika kitabu cha matukio ambacho hakiruhusu kufutwafutwa. Mashine ikaukataa. Akaandika tena. Ikaukataa tena, ikamletea ujumbe wa Kiingereza kuhusu mabano yaliyokosekana, na yeye alipotazama kitabuni hakuona mabano yoyote. Basi akafanya uamuzi ambao wengi wetu tungeufanya. "Mzee," aliniambia, "nilijua kichwa changu ndicho kibovu. Kitabu kimeandikwa na maprofesa, kitakoseaje?"

Kichwa chake hakikuwa kibovu, wala maprofesa hawakukosea. Kitabu kilikuwa kimezeeka tu, na hakuna aliyemwambia.

KITABU KILICHOZEEKA

Lugha aliyoichagua huitwa Python. Jina hilo halimhusu chatu, ingawa ndivyo neno lenyewe linavyomaanisha kwa Kiingereza; mbuni wake, Mholanzi Guido van Rossum, alilitwaa kwa wachekeshaji wa televisheni ya Uingereza waliojiita Monty Python. Aliianza kazi hiyo mwishoni mwa mwaka 1989 akiwa katika taasisi ya utafiti wa hisabati na kompyuta jijini Amsterdam, na mwaka 1991 akaitoa kwa umma. Mwezi wa Desemba 2008 likatoka toleo la tatu la lugha hiyo, ambalo kwa makusudi halikupatana na toleo la pili. Kwa miaka zaidi ya kumi matoleo hayo mawili yaliishi bega kwa bega, mithili ya jeshi linalobadili bunduki huku nusu ya vikosi ingali na zile za zamani, mpaka tarehe 1 Januari 2020 toleo la pili lilipoacha kuhudumiwa. Vitabu vilivyolifundisha havikukusanywa wala kuchomwa moto. Vimo katika mikokoteni ya vitabu vikuukuu, vimo katika masanduku ya misaada, na bei yake ndogo ndiyo inayomvuta mtu mwenye mshahara mdogo.

Katika toleo la tatu mstari ule ule huandikwa hivi:

print("Jambo")

Tofauti ni mabano mawili tu. Mtu aliyekwisha kujua angecheka na kuendelea. Asiyejua amepoteza miezi minane.

Walakini mabano si hatari kubwa, kwa sababu mashine huyalalamikia papo hapo. Hatari kubwa ni ile isiyopiga kelele, na hapa namwomba msomaji anivumilie kwa hesabu ndogo, maadam hesabu yenyewe ni ya lindo. Tuseme kuna askari watano, na usiku wa kulinda ni wa saa 12, tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Tunataka kujua kila mmoja akae zamu kwa muda gani. Katika Python tutaandika:

askari = 5
usiku = 12
print(usiku / askari)

Toleo la tatu hujibu 2.4, yaani saa mbili na dakika 24, na mwanafunzi wa hesabu atajua kwamba hiyo nukta nne si dakika arobaini. Toleo la pili, kwa hesabu hiyo hiyo, lilijibu 2 peke yake, kwani liligawanya namba kamili na kulitupa lile baki bila kumwambia mtu. Sasa mpe kila askari saa mbili, kisha hesabu: watano mara mbili ni kumi. Lindo linakwisha saa kumi alfajiri, na tangu hapo hadi saa kumi na mbili hakuna mtu langoni. Kila aliyewahi kulinda anajua ni saa zipi hizo na usingizi wake ulivyo.

Konstebo wetu, laiti angalivuka kikwazo cha mabano kwa msaada wa rafiki, angalikutana na jambo hili kurasa chache mbele, angaliona kitabu kinasema 2 na simu inasema 2.4, na pengine angaliamini kitabu. Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba swali la kwanza la kuuliza dukani si kitabu kimeandikwa na nani, wala kina kurasa ngapi, bali kinafundisha toleo gani. Fungua mazoezi ya mwanzo, tafuta neno print. Kama halifuatwi na mabano, rudisha kitabu mezani, hata kikiwa cha bure.

LUGHA YA SOKO NA LUGHA YA MASHINE

Watu wa Koboko hawaogopi lugha. Mtoto hukua na Kikakwa au Kilugbara nyumbani, akapata Kiswahili na Kiarabu cha Juba sokoni, Lingala kwa muziki na kwa majirani wa Kongo, na Kiingereza shuleni. Hakuna hata mmoja aliyeipata lugha ya soko kwa kusoma kitabu cha sarufi. Aliipata kwa kuhitaji chumvi. Tena aliipata kwa kukosea, kwani mwenye duka akisikia "mimi nataka chumvi mbili kilo" humpa kilo mbili za chumvi na maisha yakaendelea.

Mashine haina ukarimu huo. Haikisii ulichotaka kusema. Nukta pacha ikikosekana mwishoni mwa mstari unaoihitaji, programu nzima inasimama. Hii ndiyo tofauti ambayo kitabu cha mwanzo hakina budi kuieleza mapema na kwa upole: kwamba kukataliwa na mashine ni sehemu ya kazi ya kila siku, hata kwa wale walioifanya miaka ishirini, na kwamba ule ujumbe wa kosa si tusi, ni taarifa. Unataja mstari gani una tatizo na tatizo ni la aina gani. Askari polisi aliyefundishwa kusoma eneo la tukio kabla ya kugusa chochote ana maandalizi mazuri kuliko anavyodhani. Basi dukani angalia kama kitabu kina sehemu inayofundisha kusoma ujumbe wa makosa. Kitabu kinachoonyesha programu zilizokamilika tu, safi kama viatu vya paredi, humwacha mwanafunzi peke yake siku ya kwanza anapokosea, na siku hiyo ni ile ile ya kwanza.

Vitabu vya kuwafundisha askari lugha si jambo geni katika nchi zetu. Mwaka 1936 Mwingereza F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, na jina lake lilieleza waziwazi kwamba ni cha askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Kilipunguza sarufi kwa makusudi ili msomaji aweze kutumia lugha mapema. Miaka minane baadaye, mwaka 1944, kikatoka kitabu cha sarufi cha E. O. Ashton, ambacho kiliyachambua maneno na ngeli mpaka kwenye mifupa, na ambacho wanafunzi wa vyuo walikitumia kwa miongo mingi. Yupi alikuwa sahihi? Naona wote wawili, kila mmoja kwa siku yake. Aliyeanza na Ashton peke yake katika kambi yenye vumbi huenda aliacha kabla ya kufika ngeli ya nne. Na aliyeishia kwa Le Breton aliweza kuagiza mizigo ipakiwe, lakini akialikwa arusini alikaa kimya.

Katika vitabu vya kompyuta mgawanyiko ni huo huo. Vipo vinavyoanza na kazi, vipo vinavyoanza na misingi. Mtu aliye kambini au kituoni, mwenye saa moja baada ya zamu, asiye na mwalimu, aanze na kile cha kazi akimalize, kisha atafute cha misingi. Akigeuza utaratibu huo aghalabu hamalizi chochote. Na akiishia kwenye kile cha kwanza atakuwa mtu wa kunakili.

KITABU CHA AFISA HOPPER

Kuna askari wanaodhani kwamba elimu hii ni ya raia wenye mashati meupe. Hao yafaa waambiwe kwamba mojawapo ya vitabu vya kwanza kabisa duniani vya kueleza namna ya kuandikia mashine programu kiliandikwa na afisa wa jeshi, tena mwanamke, tena kwa amri. Mwaka 1944 Grace Hopper, mwalimu wa hisabati aliyekuwa amejiunga na akiba ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kuhudumia mashine kubwa ya kuhesabu iliyoitwa Mark I. Mkuu wake, Howard Aiken, naye akiwa afisa wa wanamaji, alimwamuru aandike kitabu cha mashine hiyo. Hopper hakuwa mwandishi wa vitabu. Hata hivyo amri ni amri, na mwaka 1946 kitabu kikatoka, kikiwa na kurasa zaidi ya 500.

Baadaye kazi yake ilichangia sana kuzaliwa, mwaka 1959, kwa lugha ya COBOL, iliyokusudiwa kutumia maneno ya kawaida ya Kiingereza ili hata watu wa hesabu na ofisi waweze kuisoma. Alistaafu mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 79 na cheo cha admirali, na meli moja ya kivita ya nchi yake ikapewa jina lake. Husimuliwa pia kwamba yeye ndiye aliyemkuta nondo ndani ya mashine, na kwamba tangu siku hiyo hitilafu za programu zikaitwa wadudu. Sivyo hasa. Nondo alikutwa na waendeshaji wa mashine ya Mark II mwezi wa Septemba 1947. Wakambandika kwa gundi katika daftari lao la matukio, wakaandika saa na maelezo, kama kielelezo cha mahakamani. Na neno lenyewe la mdudu lilikuwa likitumiwa na mafundi hata kabla ya hapo. Hopper aliisimulia tu hadithi hiyo vizuri kuliko wengine.

Ninamtaja afisa huyo kwa sababu nyingine pia. Kitabu chake kilikuwa bora kwa kazi iliyokusudiwa, yaani kwa watu wachache waliokabidhiwa mashine ile moja. Hakikukusudiwa kwa anayeanza. Kosa kubwa la pili la wanunuzi, baada ya lile la toleo, ni kununua kitabu kwa sababu ni mashuhuri bila kuuliza kiliandikiwa nani. Mfano ulio maarufu kupita yote ni kitabu cha lugha ya C cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie, kilichotoka mwaka 1978. Ni kitabu chembamba, kimeandikwa kwa ustadi, na mpaka leo ukimuuliza mtaalamu akutajie kitabu kizuri huenda akakitaja hicho. Lakini waandishi wenyewe waliandika katika dibaji yao kwamba si kitabu cha kumfundisha mtu programu kwa mara ya kwanza. Walimtarajia msomaji mwenye ujuzi fulani tayari. Hilo liko wazi, limechapishwa, na bado kuna vijana wanaokianza nacho kila mwaka kwa sababu ndugu aliyesoma mjini amekisifu. Kuruta hakabidhiwi kitabu cha fundi wa mizinga siku anayowasili chuoni. Anapewa kwata.

Basi dibaji isomwe. Ni kurasa mbili au tatu, na zinasomeka dukani ukiwa umesimama.

KURASA KUMI ZINAZOSOMWA

Mwezi wa Januari 1999 mwalimu mmoja wa chuo nchini Marekani, Allen Downey, alikuwa akijiandaa kufundisha somo la kuandika programu kwa wanaoanza. Alikuwa amekwisha kulifundisha mara tatu, na wengi mno walikuwa wakishindwa. Alipotafuta sababu akaona kwamba vitabu vilikuwa vikubwa kupita kiasi, vyenye maelezo mengi ya ziada, na wanafunzi hawakuvisoma. Zikiwa zimebaki wiki mbili masomo yaanze, akaamua kuandika chake mwenyewe. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa ufupi: aliona ni heri mwanafunzi asome kurasa kumi kuliko asisome hamsini. Kanuni nyingine ilikuwa kueleza kila istilahi mara inapotokea.

Jambo lililofuata lapendeza zaidi. Kitabu hicho kilikuwa cha lugha ya Java, na Downey alikitoa kwa leseni inayoruhusu mtu yeyote kukinakili na kukibadili. Mwalimu wa sekondari katika jimbo la Virginia, Jeff Elkner, akakitwaa na kukigeuza kuwa cha Python. Downey akakisoma, naye akajifunza Python kutoka katika kitabu chake mwenyewe kilichoandikwa upya na mtu mwingine. Kutokana na hicho ndiyo kikapatikana kitabu kiitwacho Think Python, ambacho toleo lake la pili la mwaka 2015 ndilo lililohamia Python ya tatu, na la tatu likatoka mwaka 2024. Kinapatikana bure kwa njia ya intaneti. Katika toleo la pili kila sura inafunga kwa maelezo ya namna ya kutafuta makosa. Ni kitabu cha misingi, chenye ufupi wa askari, na kwa maoni yangu ndicho kinachostahili nafasi ya pili.

Nafasi ya kwanza ningempa Al Sweigart na kitabu chake Automate the Boring Stuff with Python, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2015 na kufanyiwa marekebisho tangu hapo. Nacho husomeka bure kwenye intaneti. Jina lake lina maana ya kuziachia mashine kazi zile zinazochosha, na hapo ndipo kinapomfaa mtu wa sare. Hakidhani kwamba msomaji anataka kuwa mhandisi. Kinadhani kwamba ana ofisi, ana majedwali, ana mafaili mia mbili yaliyopewa majina ovyo, na amechoka. Nani kati yetu hakuwahi kumwona koplo wa ofisi akinakili orodha ile ile ya likizo kwa mara ya nne kwa kuwa jina moja limebadilika? Sura za mwanzo zinafundisha lugha yenyewe. Sura za baadaye zinashughulikia mafaili na majedwali. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya sura hizo za baadaye zinahitaji intaneti na vifaa vya ziada, na huko Ludara msomaji aziruke bila huzuni.

Kipo pia Python Crash Course cha Eric Matthes, aliyekuwa mwalimu wa sekondari huko Alaska, ambacho toleo lake la tatu ni la mwaka 2023. Ni kizuri. Ni kinene pia, na nusu yake ya pili ni miradi mitatu mikubwa inayodai kompyuta kamili. Aliye na kompyuta na subira hatajuta.

Kuhusu vile vitabu vinavyoahidi kumfundisha mtu katika saa 24 au siku 21, nitasema machache. Peter Norvig, mtaalamu wa Kimarekani, aliandika mwaka 2001 makala mashuhuri ya kuvikejeli, akipendekeza miaka kumi badala yake. Miaka kumi ni ya kuwa fundi. Kutoa orodha ya zamu isiyo na upendeleo kunahitaji muda mfupi zaidi, pengine miezi michache ya jioni, na hilo ni lengo la heshima.

SIMU, BETRI NA SIRI

Si lazima kuwa na kompyuta ili kuanza. Katika simu za Android ipo programu iitwayo Pydroid 3, ambayo ikishawekwa huendesha Python bila intaneti. Kwa hiyo mtu anaweza kushuka Koboko au Arua mara moja, akapakua programu na kitabu, kisha akarudi na vyote viwili mfukoni. Aliye na kompyuta hata kuukuu, atafute Thonny, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia kwa ajili ya wanaoanza, ambayo huja na Python ndani yake na kumwonyesha mwanafunzi hatua kwa hatua mashine inafanya nini. Kioo cha simu ni kidogo, na kuandika mabano kwa kidole gumba kunachosha. Nilimwona konstebo akifanya hivyo chini ya taa ya sola na sikumwonea wivu. Kinachosaidia ni kwamba Python ina maneno yake maalumu yapatayo 35 tu. Majina mengine yote unayabuni mwenyewe, na hakuna sheria inayokukataza kuyaandika kwa Kiswahili, kama tulivyofanya hapo juu kwa askari na usiku.

Arua ina hazina nyingine ambayo haitumiwi vya kutosha na watu wa sare. Chuo Kikuu cha Muni, ambacho ni cha serikali, kilianza kufundisha mwaka 2013, na masomo ya teknolojia ya habari yalikuwa miongoni mwa yale ya mwanzo kabisa. Kijana wa jirani anayesoma huko anaweza kukuambia kwa dakika mbili kama kitabu ulichoshika kimezeeka au la. Muulize kabla ya kulipa. Umri wa anayeuliza na umri wa anayejibu usiwe kikwazo. Mzee wa kijiji humuuliza mjukuu saa.

Lipo jambo moja ambalo vitabu hivi vyote havikulitaja kwa sababu havikuandikiwa askari. Mazoezi yafanywe kwa mambo ya kubuni. Orodha ya silaha, idadi halisi ya walinzi, majina ya mashahidi, namba za simu za watuhumiwa, hayo hayaingizwi katika simu binafsi hata kama zoezi linakuwa tamu zaidi. Wala mtu asijaribie ujuzi wake mpya katika kompyuta ya ofisi isiyo yake: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inahesabu kuingia bila idhini kuwa ni kosa, na sare haimkingi mtu. Askari watano wa makala haya nao ni wa kubuni. Idadi ya kweli ya kituo kile haiandikwi gazetini.

Nilipopita tena Ludara, kitabu cha zamani kilikuwa kimepata kazi ya kuegemeza mlango. Konstebo alikuwa na kingine simuni, alikuwa amefika sura ya tatu, na aliniletea zoezi lake kwa namna mtu aletavyo picha ya mtoto. Alikuwa ameandika programu inayowagawia askari wake watano wa kubuni usiku mzima, tangu saa kumi na mbili jioni, na kuchapa saa ya kila mmoja kuanza. Wa pili aliingia saa mbili na dakika 24, wa tatu saa nne na dakika 48, wa nne saa saba na dakika 12, wa tano saa tisa na dakika 36. Wa mwisho alitoka saa kumi na mbili asubuhi kamili. Hakuna dakika iliyopotea.

Sajini wake, mtu wa makamo aliyekuwa akitusikiliza kwa mbali, alisogea, akavaa miwani, akasoma kioo cha simu mpaka mwisho.

"Konstebo," akasema, "nani atakayemwamsha mwenzake saa saba na dakika kumi na mbili?"

"Hakuna, afande."

"Basi mashine yako haijawahi kulinda. Iambie ifanye nusu saa."

"Ndiyo, afande," akajibu konstebo, akaketi, akaanza kutafuta ndani ya kitabu mahali panapoeleza namna ya kukadiria namba.